Biskuti za Mkutano

"Ukinikuta pale, hunijui," mama mdogo alisema. "Unasikia? Hunijui, na mimi sikujui. Ukinisalimia tu, kazi umeikosa."

Alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani, hata viatu hajavua. Ndani, binti wa dada yake alikuwa amekaa sakafuni akiwasaidia watoto wawili wa nyumba ile hesabu za shule. Binti huyo alikuwa amemaliza chuo, amesomea ugavi, na tangu ahamie mji huu kutafuta kazi alikuwa akilala na watoto hao kwenye godoro moja nyuma ya pazia.

"Kazi gani tena, mama mdogo?"

"Ya ugavi, si ndiyo uliyosomea? Wamebandika tangazo mapokezi leo. Nilikuwa nafuta kioo, nikalisoma mara mbili nisije nikakosea. Kesho peleka vyeti, na uende mapema kabla ndugu wa wakubwa hawajaamka."

"Na kwa nini nisikujue? Hawataki undugu?"

"Undugu wa mfagiaji ndio hawautaki." Mama mdogo akakaa kitandani, akaanza kujisugua visigino. "Mhasibu aliyeondoka alimwingiza shemeji yake stoo, wakaitafuna kampuni mpaka ikabaki mifupa. Tangu siku hiyo meneja kila mtu anamuuliza, una ndugu hapa? Ukisema ndiyo, anakuonyesha mlango."

Mumewe alicheka kutoka kwenye kigoda chake karibu na dirisha. Alikuwa fundi rangi hodari mpaka alipoanguka kutoka ghorofani na kuvunjika nyonga, na sasa alishinda nyumbani akishona viatu vya majirani. "Kwa hiyo Mheshimiwa wetu huyu akipata kiti cha kuzunguka, wewe ndiye utakuwa unamwita bosi?"

"Nitamwita hata malaika, mradi alipwe."

Binti alicheka pia. Alikuwa amezunguka maofisi mpaka walinzi wamemzoea. Wengine walipokea bahasha yake kwa ncha za vidole, wengine walimwambia aache namba atapigiwa, na simu yake ikanyamaza kama jiwe. Ofisi moja walimuuliza uzoefu wake ni wa miaka mingapi. Aliposema ndiyo kwanza ametoka chuo, yule mama wa mapokezi alimtazama kama mtu aliyekuja dukani bila hela.

Baba mdogo alinyoosha mkono. "Lete viatu vyako nivitie soli. Huwezi kwenda kwa meneja unapiga makofi ukitembea."

*

Siku ya usaili viti vyote vya mapokezi vilikuwa vimejaa vijana waliopiga pasi mpaka mikunjo ikasimama wima. Kila mtu alikuwa amekumbatia bahasha yake kama inaweza kukimbia.

Mama mdogo aliingia na ndoo. Alikuwa amevaa koti la bluu la kampuni ya usafi iliyomwajiri, maana kampuni hii ya kusafirisha mizigo haikuwa na wafagiaji wake, ilikodi wa kampuni hiyo. Alipiga deki polepole kutoka mlangoni, akafika kwenye viti.

"Samahani, dada. Inua miguu kidogo."

Binti aliinua miguu. Aliona utosi wa mama yake mdogo ukipita chini ya magoti yake, mvi zimeanza kuchomoza pembeni, na ulimi ukamwasha kusema shikamoo. Tangu ajue kuongea hakuwahi kukaa kimya mbele ya mwanamke huyu.

"Asante," alisema.

Wakati huohuo meneja alitoka ofisini kwake kwa haraka, akateleza kwenye sakafu mbichi, akajishika ukutani. "Wewe mama, sakafu inapigwa deki saa ya wageni? Huna akili?"

"Nisamehe, bosi."

Vijana wawili walicheka kwa kuziba midomo, wapate kumpendeza meneja. Binti hakucheka. Aliangalia soli zake mpya.

Ndani alijibu maswali vizuri. Alijua kupima bei za wauzaji, alijua kwa nini kitu cha bei rahisi kinaweza kuja kuwa ghali, na alieleza bila kujigamba. Meneja akawa anaitikia kwa kichwa. Mwishoni akaweka kalamu chini.

"Una ndugu yeyote anayefanya kazi hapa?"

"Hapana."

Lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia.

*

Alipoajiriwa, nyumba nzima ilipata pumzi. Watoto waliacha kufukuzwa shule kila mara, baba mdogo akanunuliwa dawa ya kuchua ya kweli badala ya ile aliyokuwa akichanganya mwenyewe, na mama mdogo akawa anatembea mtaani kichwa kimesimama. Binti hakuombwa kitu. Alitoa mwenyewe, na alipotoa aliambiwa abakize cha kununulia blauzi, kwa sababu ofisini watu wanaangaliana.

Mchezo wao mwanzoni ulikuwa kichekesho. Saa ya chai mama mdogo alisukuma kitoroli kati ya meza, akifika kwa binti anauliza kwa sauti nyembamba, "Na wewe, dada, sukari ngapi?" wakati sukari ya binti huyo anaijua tangu anaachishwa ziwa. Jioni nyumbani aliigiza yote. Alijifunga shuka kiunoni kama sketi ya kubana, akakaa kwenye ndoo, akapokea simu ya kijiko. "Halo, ugavi hapa. Ndiyo. Hapana. Nitumie ankara." Watoto walicheka wakabingirika. Baba mdogo alijishika nyonga akiomba aachwe, anaumia.

Lakini mchezo ukichezwa kila siku, huzoeleka. Binti alianza kuona kuna raha ya aina yake kukaa pale bila mtu kujua anatoka wapi. Katibu muhtasi wa meneja, dada mmoja mwenye manukato na maneno mengi, alimpenda na kumchukua wakale pamoja mchana. Siku moja mama mdogo alipita na kitoroli, kandambili zikiburuza, na katibu akakunja pua.

"Huyu mama ananuka dawa ya choo mpaka kwenye chai."

Binti alitabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa. Lilikuwa lile la kukubaliana ili mazungumzo yapite.

Mama mdogo alikuwa hajafika mbali. Alisikia neno la katibu, na akageuza uso kidogo kutazama kama binti naye amesikia, akaliona tabasamu. Jioni ile hakuigiza mtu. Alisema mgongo unamsumbua, akalala mapema.

*

Siku walipokuja wageni wa nje, binti ndiye aliyenunua kila kitu cha mkutano: maji, kalamu, maua ya mezani, na biskuti nzuri za siagi zenye sukari ya kung'aa juu. Wageni walizungumza mpaka mchana, wakasaini mikataba, wakaondoka. Sahani nyingi hazikuguswa.

Binti alibaki anakusanya karatasi. Mama mdogo alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Walikuwa wawili tu.

"Chukua hizi, wapelekee watoto," binti alinong'ona.

"Acha. Wataniona."

"Nani akuone? Mimi ndiye niliyezinunua, na kazi yake imekwisha. Usipochukua wewe zinakwenda pipani sasa hivi."

Mama mdogo aliziangalia. Watoto wake walikuwa wanaziona biskuti za namna ile kwenye vioo vya maduka tu. Akazifunga kwenye kitambaa cha karatasi, akazitia chini kabisa ya mkoba wake. "Leo watanipigia vigelegele," alisema, na wote wawili wakacheka kimyakimya.

Jua lilikuwa limeanza kushuka meneja alipotoka ofisini akijipapasa mifuko.

"Simu yangu iko wapi?"

Wakaipigia. Iliita, lakini mlio haukusikika popote. Wakafunua makabrasha, wakasogeza viti. Meneja akaanza kuvimba shingo. Ilikuwa simu mpya, na ndani yake kulikuwa na mambo ya wateja.

"Nani ameingia ofisini kwangu?"

Watu wakatazamana. Katibu muhtasi akasema kwa sauti ya kusikitika, "Mimi simsemi mtu, bosi. Lakini aliyeingia kufuta meza ni yule mama peke yake."

Akaitwa msimamizi wa kampuni ya usafi, aliyekuwa akikagua kazi ghorofa ya chini. Akapanda anahema, akamwita mama mdogo katikati ya ofisi. Hakumuuliza. Aliuchukua mkoba mkononi mwake na kuumwaga juu ya meza iliyokuwa karibu, na meza hiyo ilikuwa ya binti.

Kila kitu kilichoanguka, binti alikijua. Chupa ya dawa ya kuchua ya baba mdogo, iliyokwisha, inakwenda kuonyeshwa dukani wasije wakapewa nyingine. Kitana. Kandambili za akiba. Soksi ya mtoto yenye tundu kisiginoni, na sindano imechomekwa pale uzi ulipoishia, kwa sababu mama mdogo hushona akiwa ndani ya basi. Simu haikuwemo. Mwisho kikaanguka kitambaa cha karatasi, kikafunguka, na biskuti zikatawanyika juu ya kibodi.

"Aha," alisema msimamizi.

"Simu sijaiona," mama mdogo alisema. "Haki ya Mungu, sijaiona."

Meneja alikuwa anazitazama biskuti. Pengine angetaka kuona simu, lakini alikwisha kasirika mbele ya watu na hasira ilihitaji mahali pa kukaa. "Na hizi? Hizi nazo hujaziona? Nani alikuruhusu kuchukua vitu vya kampuni?"

Mama mdogo aliangalia meza. Aliangalia viatu vya meneja, akaangalia dirisha, akakaa kimya kwa muda ambao haukuwa mrefu. Hakumtazama binti hata mara moja.

Binti alifungua mdomo. Baadaye, akijitetea moyoni, alijiambia kwamba pale aliwaza watoto na kodi ya nyumba, kwamba wakifukuzwa wote wawili nyumba ingeanguka. Ukweli ni kwamba hakuwaza watoto. Aliwaza sura ya katibu muhtasi, jinsi ingegeuka.

"Hakuna aliyeniruhusu," mama mdogo alisema. "Nimechukua mwenyewe."

"Vua koti," msimamizi alisema. "Koti ni la kampuni. Mshahara wa siku ulizofanya utakuja kudai."

"Nikavulie chooni basi, baba."

"Vua hapa. Huko chooni ukichukua na sabuni?"

Watu wengine walicheka. Mama mdogo alifungua vifungo kimoja kimoja. Chini ya koti alikuwa na blauzi kuukuu iliyofumuka kwapani, ambayo hakuna mtu aliyepaswa kuiona. Alirudisha vitu vyake mkobani kwa mkono mmoja tu, mwingine ameubana ubavuni kuficha lile tundu. Soksi ilibaki nyuma ya kibodi. Binti aliiona, akaichukua, akamnyooshea.

"Asante, dada," mama mdogo alisema, akaondoka mkono wake ukiwa umebanwa vilevile.

*

Binti aliporudi jioni alikuta chakula kiko tayari na mama mdogo amekwisha kumweleza mumewe.

"Wamepunguza watu," baba mdogo alimwambia binti huku akitikisa kichwa. "Wamemwondoa mama yako mdogo hivihivi, bila hata barua. Wewe hukusikia kitu huko?"

Binti alimtazama mama mdogo. Mama mdogo alikuwa anapakua.

"Hakusikia," alijibu kwa niaba yake. "Atasikiaje? Yuko ndani huko na makaratasi yake. Kuleni, chakula kinapoa."

Watoto walipolala, binti alimfuata uani, alikokuwa anaanua nguo. Alitaka kupiga magoti, lakini wapangaji wenzao walikuwa wanapita na ndoo za maji.

"Mama mdogo, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Si mimi niliyekwambia hunijui? Umefanya nilivyokufundisha." Alikunja shuka, akampa ncha moja amsaidie, wakavuta, wakakunja. "Ungesema, tungekuwa wawili nje. Sasa yuko mmoja ndani. Hesabu si ndogo hiyo?"

"Kesho nitasema."

"Usiseme kitu. Mimi nimekwisha kutoka."

*

Lakini alisema. Asubuhi aligonga kwa meneja kabla hajakaa mezani kwake, akihofu kwamba akikaa hatainuka tena.

Simu ilikuwa mbele ya meneja, inameremeta. Alipoona binti anaitazama, alikohoa. "Ilikuwa chini ya kiti cha gari. Mke wangu ndiye ameiona."

"Bosi, yule mama wa usafi ni mama yangu mdogo. Amenilea. Biskuti nilimpa mimi, yeye hakutaka."

Meneja aliichukua simu, akaigeuza, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu, na hakuwa na mazoea ya kuwa nayo mbele ya mfanyakazi.

"Kwa hiyo ulinidanganya kwenye usaili."

"Ndiyo."

"Na jana ulikuwa pale pale. Mkoba ulimwagwa mezani kwako."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Binti alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Usiku kucha alikuwa amejiandaa, na kusema kweli alikuwa ameanza kuona kufukuzwa ni nafuu.

"Kazi yako naipenda," meneja alisema hatimaye, akitazama dirishani. "Mambo ya undugu, mimi sijasikia. Na wewe hujasema."

"Na mama mdogo? Arudi?"

"Yule ni mtu wa kampuni ya usafi, si wetu. Zungumza nao."

Alishuka ngazi akampata msimamizi. Msimamizi alimsikiliza huku akihesabu chupa za sabuni, akasema simu kupatikana ni habari njema, lakini nafasi imekwisha jazwa, na mtu aliyetolewa kwa wizi mbele ya mteja hawezi kupelekwa kwa mteja mwingine. "Hata kama hakuiba, dada. Jina limeshachafuka."

Saa ya chai kitoroli kililetwa na mwanamke mgeni, mwembamba, mikono ya koti la bluu imemzidi akaikunja. Akasimama mezani kwa binti na kuuliza sukari ngapi. Binti alisema hataki chai.

*

"Nimesema," alimwambia mama mdogo jioni ile. Walikuwa peke yao chumbani. Baba mdogo alikuwa nje na mteja wa viatu.

"Wakakwambiaje?"

"Simu imepatikana. Lakini hawakurudishi."

"Umeona sasa? Nilikwambia haina faida." Mama mdogo alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Alichagua, akatupa kijiwe, akachagua tena. Kisha akasema bila kuinua macho, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote:

"Jana nilijua unapaswa kunyamaza. Nilijua vizuri. Lakini walipouliza nani aliniruhusu, nilikungoja kidogo."

Binti alianza kulia. Mama mdogo hakumnyamazisha, wala hakuondoka. Aliendelea na mchele wake mpaka sinia likaisha, akanyanyuka kuutia maji.

Hawakulizungumza tena. Mama mdogo alipata kufua nguo za watu, nyumba hii na ile, mikono ikababuka kwa sabuni. Baba mdogo aliujua ukweli baadaye kutoka kwa jirani aliyekuwa na shoga kwenye ile kampuni ya usafi. Hakumwambia binti kitu, ila aliacha utani wake, akawa anamwita mwanangu kwa upole mwingi, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Watoto walikatazwa kumrukia akifika. "Mwacheni dada apumzike, ametoka kazini." Binti akikamata sufuria aoshe, alinyang'anywa. Akitaka kuteka maji, aliambiwa atachafua nguo za ofisini. Kodi ilitoka mfukoni mwake yeye sasa, na hakuna aliyemnung'unikia wala kumtuma dukani.

Mwisho wa mwezi alileta nyama. Mama mdogo aliipika, akapakua. Watoto walipata mchuzi na mifupa ya kufyonza, baba mdogo kipande, yeye mwenyewe akajipa kilichobaki chini ya sufuria. Sahani ya binti ilikuja peke yake, imefunikwa, na mama mdogo akaishika kwa mikono miwili alipompa. Ndani kulikuwa na minofu mitupu.

"Mama mdogo, hii ni nyingi. Wape watoto."

"Kula, mama. Wewe ndiye unayefanya kazi."

Alisema hivyo kwa heshima ya kweli, kisha akaenda kukaa mkekani pamoja na wengine. Binti alibaki kwenye kiti pekee cha nyumba ile, akawatazama wakila na kugombania mfupa na kucheka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akala, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, maana kubakiza kungekuwa kumtukana aliyepika.